Sifuri ya Cherehani

9 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mzee wetu yupo, anakula, na anagombana na redio. Juzi alimfokea mtangazaji aongeze sauti, kumbe redio yenyewe alikuwa ameizima. Masikio yamegoma lakini mdomo uko kazini kama kawaida. Anawasalimu wote, na anasema ile fulana uliyomtumia inambana. Ila haivui.

Wifi yangu hajambo? Na mwanao, Cherehani wangu, mguu wake unakwendaje? Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu unakohoa kidogo halafu unampa wifi, na wifi naye ananiambia "wote wazima" utadhani anasoma tangazo.

Nina shida na mkono wako wa kazi, undugu tuuweke pembeni kidogo. Hapa hospitali, kwenye kitengo chetu cha mazoezi ya viungo, tumepewa kipimo cha watoto waliopata kiharusi. Si cha damu. Ni maswali na majaribio madogo madogo: mtoto atembee, ashike, afuate kidole kwa macho, ataje vitu kwenye picha. Mpimaji anaandika alama, tujue ugonjwa umemwachia nini na umemnyang'anya nini. Kimetungwa mbali sana, kwa watoto wa huko. Maswali tumeshayatafsiri, lakini picha zimetutoa jasho. Kuna mashine ya kuoshea vyombo, kuna viatu vya kutelezea kwenye barafu. Hivyo viatu nilimwonyesha mtoto wa jirani, mzima wa afya, akaniambia ni visu. Sasa mgonjwa akishindwa kuvitaja, tuseme kiharusi kimemla ulimi?

Wewe unachora vibao vya maduka tangu mimi niko darasa la pili. Nichoree vitu ambavyo kila mtoto anavijua: kijiko, ufunguo, kuku, ndoo, kiatu, mwavuli, kofia. Ongeza na vingine. Mistari minene, rangi kidogo.

Nimeweka pia karatasi ya maswali ya wazazi. Ijaribuni wewe na wifi, halafu mniambie ni wapi maneno yanakwama.

Mdogo wako

3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Wifi yako hajambo, ila amenuna kwa sababu nimeigeuza meza ya chakula kuwa karakana yako, tunakula tumepakata sahani. Mwenye duka la viatu pale kona amenipa kibao kikubwa, anataka kiatu kionekane kinatembea. Nimemwambia kiatu kikitembea chenyewe wateja watakimbia. Hakucheka. Watu wenye pesa hawacheki.

Picha zako hizi hapa. Mwavuli umenisumbua, nyingine zimekubali.

Maswali yenu mazuri, ila yamevaa tai. "Je, mtoto anashiriki michezo ya rika lake?" Nani anaongea hivyo nyumbani kwake? Ulizeni, anacheza na wenzake? Na jibu langu ni kwamba anakaa mlangoni anawatazama, siku nyingine wanamgawia kazi ya kushika mpira. Hapo sijui niweke tiki wapi. Swali la mwisho, lile la "Je, mtoto wako amepona kabisa?", nimeliruka. Wino uliisha.

Mguu unakwenda, anauburuta kidogo. Mkono wa kulia umekunja ngumi, haufunguki mpaka uubembeleze. Lakini wewe unajua kinachonikosesha raha si mguu wala mkono. Huyu mtoto tulimwita Cherehani kwa sababu mdomo ulikuwa haupumziki. Asubuhi ile mama yake anamsuka, yeye anasimulia habari za mbuzi aliyeingia darasani, "mwalimu akasema, mwalimu akasema, mwa", basi. Akalegea pale pale mapajani mwa mama yake. Mimi nilikuwa bado nacheka, nilidhani anavuta pumzi aendelee. Mwaka na zaidi sasa. Tunampeleka kliniki kwa mwalimu wa usemi kila wiki, anarudi na neno moja, wiki inayofuata limepotea.

Wewe uliziona zile picha za hospitali za kichwa chake. Niambie, maneno yake yatarudi?

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo tena. Picha zimefika salama, na zimependeza hata bosi wangu anataka ndoo aitundike ofisini. Lakini kuku amenenepa mno, mtoto mmoja amemwita bata. Mpunguze. Kofia nayo inafanana na sufuria iliyofunikwa. Irekebishe unirudishie.

Kitu kimoja tafadhali, na hili silisemi kwa utani. Zikikamilika zifungie kabatini. Watoto watakaopimwa wasizione mapema. Picha hizi zina kazi pale tu mtoto anapoziona mara ya kwanza. Akizizoea atazitaja kwa mazoea, na hapo hatupimi tena kuongea.

Kuhusu wino wako: uliisha kwenye swali la mwisho, halafu ukapatikana wa kujaza barua nzima. Wino wa ajabu huo.

Mzee alipoteza meno yake ya bandia, tukapekua nyumba nzima, akamshuku mpaka paka. Yalikuwa kwenye mfuko wa ile fulana inayombana. Anawasalimu.

Mdogo wako

17 Juni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na keti kwanza. Umeketi?

Kliniki ya huko kwenu imekubali kuingia kwenye majaribio yetu. Kila mtoto anayehudhuria pale amepimwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana, tuone kama wanaandika alama zilezile. Wakipishana sana ujue kipimo ni kibovu. Cherehani naye amepimwa. Matokeo yameletwa jana, na ingawa si utaratibu, niliiwahi karatasi yake kabla ya zote.

Mkono bado mbaya, hilo unalijua. Mguu uko katikati. Kuongea: sifuri. Wapimaji wote wawili, sifuri!

Usizimie. Kwetu sisi sifuri ndiyo bora, maana yake hakuna tatizo. Alitaja picha zote, moja baada ya nyingine, bila kusita. Nilitoka nikaenda kusimama nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, nikalia kama mtoto. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Kaka, mbona hukuniambia? Miezi yote hii mimi nakaa na roho juu, kumbe mnamsikia huko ndani anaongea? Au mlitaka kunishtukiza? Mbusu huyo mtoto mpaka akufukuze.

Mdogo wako

1 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba sana. Barua yako nilimsomea wifi yako nikiwa nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Shuleni sifuri ilikuwa inaniletea fimbo, leo imeleta soda. Wifi yako amezinunulia nyumba zote za upande wetu. Amecheka. Wewe hukuwepo hapa, hujui nyumba hii ilikuwa imekaaje bila kicheko cha huyu mwanamke.

Sina maneno mengi leo, kazi imenibana. Kile kibao cha viatu mwenyewe amekikataa, anasema kiatu kinaonekana kimechoka.

Hao wapimaji wanajua kazi yao, si ndiyo? Watu wawili hawawezi kukosea kitu kimoja.

Kaka yako

8 Septemba

Mdogo wangu,

Usinune kwa kimya changu. Barua zako mbili ninazo. Nilikuwa naanza kujibu naishia kwenye salamu.

Mwalimu wa usemi ni mmoja pale kliniki, na watoto kibao. Mwezi uliopita alituita, akatuambia kwa heshima zote kwamba nafasi ya Cherehani amepewa mtoto mwingine, kwa kuwa kipimo kinaonyesha kuongea hana tatizo. Wifi yako akambishia. Akamwambia, huyu nyumbani akitaka maji ananyoosha kidole, asipoelewa mtu anakaa na kiu yake. Mwalimu hakukasirika. Alichukua picha ya ufunguo akamwonyesha mtoto. "Ufunguo," akasema, safi kabisa. Mwalimu akatutazama vile watu wanavyomtazama mtu aliyeshiba anayepanga foleni ya pili.

Tulipofika nyumbani mama yake akampa ufunguo wa mlango, ule wenyewe wa chuma, akamwuliza, hiki nini mwanangu? Akautazama. Akaugeuza geuza. Midomo ikawa inahangaika, halafu akaanza kulia, na mama yake naye, mimi nikabaki nimesimama nje ya mlango wangu uliofungwa.

Tangu akose nafasi, hata yale maneno machache yanazidi kupungua. Sasa nakuuliza tena, maneno yake yatarudi? Mara ya kwanza ulinijibu habari za kuku.

Kaka yako

20 Septemba

Kaka,

Salamu baadaye. Nijibu kitu kimoja tu, na mzaha wako uweke chini.

Ulipokuwa unachora zile picha, Cherehani alikuwa wapi?

2 Oktoba

Mdogo wangu,

Hata shikamoo hukunipa, kwa hiyo nilijua umeshajua.

Alikuwa kwenye goti langu.

Ndipo anapokaa siku zote nikichora, tangu anatambaa. Nilimpa brashi akaishika kwa mkono wa kushoto. Kila picha nikiimaliza nilimwambia jina lake, kijiko, ndoo, kiatu, naye akawa anajaribu nyuma yangu. Siku ya kwanza lilitoka povu tu. Lakini mimi nilikuwa na raha, sijui nikuelezeje, ilikuwa kama zamani, yeye na mimi na harufu ya rangi, na sauti yake imo humo. Uliposema tumpunguze kuku, tulimpunguza pamoja. Mpaka rangi ya mwisho inakauka alikuwa anazitaja zote hata nikizichanganya.

Onyo lako nililisoma. Uliandika watoto watakaopimwa wasizione. Huyu hakuwa wa kupimwa, alikuwa mwanangu kwenye goti langu, na kliniki ya huku ilikuwa haijaingia kwenye mambo yenu. Halafu ikaja ile sifuri. Nilijua saa ileile, nikiwa bado naisoma barua. Lakini mama yake alishaanza kucheka, mdogo wangu. Ningemwambia nini mtu anayecheka vile?

Ngoja nikwambie na hili, kisha uninyamazie ukitaka. Alipokosa nafasi nikaona basi, ikiwa picha inamtoa neno, mimi si mchoraji? Nikamchora mama yake, na kile kitambaa chake cha kichwa, na kidoti cha shavuni. Siku zikapita, akaanza kusema "Mama". Nilimwita wifi yako aje asikie. Alikuja mbio na mikono ina unga. Mtoto akaitazama picha, "Mama." Akamtazama mama yake, kimya. Akarudi kwenye picha, "Mama."

Juzi nimeingia jikoni bila kupiga hodi. Wifi yako alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto, ameishika ile picha mbele ya uso wake mwenyewe, ili aitwe.

Nilirudi nje nikaanza kuosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Kaka yako

19 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi, na Mzee amechoka kuniuliza. Jana aliniona nafuta macho, nikamwambia ni vitunguu. Akasema, vitunguu gani na wewe umetuwekea mkate na chai?

Wewe usijilaumu peke yako. Kazi ya kuuliza mtoto ameziona wapi picha ni ya mpimaji. Mimi nilimjua mchoraji, nilijua anaishi na nani, na nilijua goti lake, maana nilikaa juu yake kabla ya Cherehani. Mtoto ambaye hana hata neno la kuombea maji anapata sifuri, na mimi msomi mzima siulizi imekuwaje. Sikuuliza kwa sababu niliitaka ile sifuri. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningeichana karatasi siku ileile nikaagiza apimwe upya.

Nimewaeleza wakubwa zangu kila kitu. Alama za Cherehani zimefutwa kwenye majaribio, na picha zako zote tumeziondoa, kwa kuwa hatujui ni watoto gani wengine wa huko walipita dirishani kwako wakaziona. Mchoraji mwingine anaandaa mpya. Mwalimu wa usemi nimempigia mimi mwenyewe. Amesikitika sana, na amesema atamrudisha nafasi ya kwanza ikipatikana. Si mwaka huu lakini. Yule mtoto mwingine ameshaanza, naye hana neno hata moja, na mama yake anatoka mbali kwa miguu. Sikuthubutu kumwomba amtoe.

Sasa swali lako. Umeuliza, nikakimbia. Umeuliza tena, nikajifanya nakuhoji wewe.

Upande wa kichwa unaoshika maneno umeumia vibaya, kaka. Kwa kuwa ni mdogo, sehemu nyingine za kichwa zinaweza kujifunza hiyo kazi, kwa hiyo maneno yatakuja, machache, polepole, kwa kufundishwa kila siku. Mzungumzisheni kwa vitu vyenyewe, kijiko mkononi, maji mdomoni, si kwa picha. Lakini Cherehani yule wa habari za mbuzi, sidhani kama atarudi. Nililijua hili siku ya kwanza nilipoziona zile picha za kichwa, nikashindwa kulisema, nikakuandikia kuhusu kuku.

Nisamehe. Nitakuja mwezi wa kwanza, nimeomba likizo.

Mdogo wako

24 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba, na habari za Mzee zimefika. Mwambie fulana nyingine inakuja, kubwa, awe na mbili za kulalamikia.

Baada ya barua yako nilikaa siku mbili sitaki kumtazama mtu. Siku ya tatu nikamsomea wifi yako. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja nguo, halafu akaniambia, "Hilo mimi nilikuwa nalijua. Nilikuwa nawasubiri ninyi wawili." Ndiyo maana nakwambia kila siku, huyu mwanamke alikosea njia akaolewa na mimi.

Jumatatu wamempima Cherehani upya kwa picha za huyo mchoraji wenu mpya. Ana mkono mzuri, ila kuku wake amekonda, anasikitisha. Niliambiwa nisimame nyuma kabisa, nikasimama, mikono mgongoni na mdomo nimeufunga. Alitaja kiatu. Alitaja ndoo. Nyingine alizitazama tu, kisha akageuka akanitafuta kwa macho. Mdogo wangu, nilikuwa na majina yote kinywani, moja moja. Niliyameza.

Sifuri hakupata, na alama alizopata sikutaka kuziuliza.

Tunafanya ulivyosema, vitu vyenyewe. Kijiko ni kijiko, hapewi mpaka ajaribu. Kazi ngumu hiyo, kumnyima mtoto wako kijiko. Ile picha ya mama yake wifi yako aliitoa jikoni, akaiweka chumbani, akasema hatajificha tena nyuma ya karatasi.

Jana wifi yako alikuwa uani anafua. Mimi niko pembeni na kibao cha kinyozi. Cherehani akaja akasimama mbele ya beseni, anataka kitu, akagonga ukingo wa beseni kwa mkono wa kushoto. Mama yake akasimamisha mikono akamsubiri. Midomo ikahangaika pale, ikahangaika, nikaona sasa analia. Hakulia. Aligeuka, akauburuta mguu wake mpaka ndani, akakaa huko, halafu akatoka na ile picha. Akaipandisha akamfunika mama yake uso. "Mama," akasema. Akaishusha, akamtazama uso wenyewe, uko vilevile, na povu la sabuni kwenye shavu lenye kidoti. Akaipandisha tena. "Mama."

Wifi yako aliitikia mara ya pili. Mara ya kwanza alishindwa.

Ile karatasi ya wazazi imo ndani ya bahasha. Swali la mwisho nimelijaza kwa mkono wangu, nimeandika hapana. Ukifika kazini waulize wakubwa zako, mtoto anayekwenda kuleta picha ili amwite mama yake anaandikiwa alama ngapi. Mimi nimeisoma karatasi yote, juu mpaka chini, na sijaona pa kuweka tiki.

Njoo huo mwezi wa kwanza. Mlangoni piga hodi mwenyewe na umpe Cherehani muda, usimtajie jina lako.

Kaka yako